Barua kwa Wakaao Ukutani

Bi Lovina Peaslee aliisoma barua yangu kwa sauti, jikoni kwa dada yangu Verna, mimi nikiwa na kijiko cha maharage mdomoni.

"'Waheshimiwa wote mkaao ndani ya ukuta huu. Mmekaa vya kutosha. Hamieni kwa Bi Lovina, ng'ambo ya barabara. Ghala lake limejaa mahindi, na paka wake ni kipofu.'" Akavua miwani. "Elbridge, huu si mwandiko wako?"

Ningekana, lakini nilikuwa nimetia sahihi. Miaka thelathini nimezunguka bandari za dunia, nikatapeliwa kwa lugha saba, na bado sijajifunza kutotia sahihi.

Huku kwetu Maine, Marekani, panya wakizidi hatuanzi na sumu, tunaanza na barua. Unaipaka siagi, unaikunja, unaisukuma tunduni. Sharti uwe na adabu, na sharti uwaelekeze kwenye nyumba yenye chakula zaidi. Verna ndiye aliyeniomba niiandike, ili japo siku moja nionekane nina faida. Nilikuja kwake kwa wiki mbili. Huu ulikuwa msimu wangu wa tatu wa baridi. Tangu Jumanne ukuta wake ulikuwa kimya, nami nikatembea kifua mbele.

"Nisamehe, Bi Lovina. Nitakuletea mitego."

"Mitego ya nini? Panya hawakuja." Akaiweka barua mezani. Haikuwa na alama hata ya jino moja. Ilikuwa imelowa, ikinuka kama kisima kilichofunikwa miaka mingi. "Nimeikuta juu ya mto wangu wa kulalia. Imekunjwa vizuri."

Verna akaacha kukoroga chungu. "Kaka, uliwataja panya humo?"

Sikuwataja. Niliandika "wote".

"Hicho kilichohamia kwako kinafanya nini?" nikauliza.

"Kinakaa," Bi Lovina akanong'ona. "Ninapotaka kuketi, kimeshaketi. Siku nne nalala zizini na ng'ombe. Nina miaka sabini na moja, na nyumba ile mume wangu aliijenga kwa mikono yake. Kitoe, Elbridge."

Mimi na Bi Lovina tulivuka barabara saa tisa mchana, jua likiwa limeshaanza kuchoka. Jikoni kwake jiko lilikuwa limezimika, lakini kiti kilichokuwa kando yake kilikuwa na joto. Yule paka kipofu alikuwa amesimamisha manyoya mezani, na kichwa chake kikageuka polepole, kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi nyuma yangu, kikifuata kitu kilichokuwa kikitembea bila haraka kama mwenye nyumba.

Nikaandika upesi: nenda kwenye kinu cha zamani mtoni, kuna unga tele. Nikaisukuma karatasi kwenye ufa. Ndani ya ukuta tukaisikia ikikunjuliwa. Kimya. Kisha ikarudi, imelowa, ikaanguka miguuni pangu.

"Kinajua hakuna unga," Bi Lovina akasema. "Usikidanganye. Taja nyumbani kwa mtu."

"Kwa nani?"

Akatoa mkono mfukoni mwa koti la marehemu mumewe, akaninyooshea kidole.

Kwangu ni wapi? Sina hata kibanda cha kuku. Nikaandika: "Mheshimiwa, fuatana nami." Nikatia sahihi. Karatasi ikaingia ufani, haikurudi tena. Paka akateremsha kichwa juu ya miguu yake, akalala. Bi Lovina akakigusa kile kiti, akakikuta baridi, akaketi na kulia kwa sauti ya chini.

Nikatoka. Theluji ilikuwa ikilia chini ya viatu vyangu, kwap, kwap, na nyuma yangu ikilia vilevile, nikifupisha hatua nayo inafupisha, nikikimbia nayo inakimbia, na ile harufu ya kisima ikinipumulia shingoni, hata nilipofika katikati ya barabara nikasimama ghafla kama mtoto anayecheza, na kule nyuma hatua moja zaidi ikakanyaga, taratibu, kisha ikasimama.

Verna alifungua mlango kabla sijabisha. Akanitazama usoni. Kisha macho yake yakapanda juu ya bega langu, yakapanda, yakaendelea kupanda.

"Dada," nikanong'ona, "ni mimi tu. Siku mbili tatu, basi."

"Mko wawili," Verna akasema, mkono kwenye komeo, "na mimi nilishachoka na mmoja."