Mpira wa Boila na Kahawa ya Mama Aili

Nyumbani kwa akina Lahti, katika mji wa baridi kali wa Hancock, Bibi Aili ndiye aliyeamka wa kwanza. Alichemsha kahawa, akakata mkate wa iliki, kisha akamwita mwanawe.

"Toivo, nyumba imepoa tena."

Toivo akashuka chini ya nyumba. Huko ndiko lilikokaa boila, lililosukuma maji ya moto vyumbani ili nyumba ipate joto. Alikuwa ameliunga mwenyewe: mpira mmoja tu, kutoka bomba la maji ya kunywa hadi kwenye boila. Ndani alimimina dawa ya rejeta ya lori lake, maji yasije yakaganda.

Jirani yao Darlene Kangas, fundi wa mabomba, aliwahi kutaka kuja kulitazama. Toivo alicheka. "Mpira tu huo, jirani. Nao unataka fundi?"

Asubuhi hiyo alifungua bomba kuongeza maji ya boila, akapanda juu kuvaa viatu. Kumbe mtaa wa chini nyumba ilikuwa inaungua. Wazimamoto walivuta maji mengi, mabomba ya mtaa yakaishiwa nguvu.

Jikoni Aili alikinga maji, akachemsha kahawa nyingine, akaionja. "Nani ametia sukari kahawa yangu?" akauliza.

"Uzee huo, mama. Wewe kunywa."

Akanywa. Akajimiminia na kikombe cha pili.

Mchana alianza kutapika na kuyumba kama mlevi. Gari la wagonjwa likamchukua. Darlene aliposikia habari ya kahawa tamu, alishuka kwenye boila, akauona ule mpira.

"Bomba hili lilikuwa wazi asubuhi?"

"Lilikuwa wazi."

"Basi maji ya boila yamerudi nyuma hadi jikoni. Maji hufuata kunakovuta, Toivo. Na dawa hiyo ni tamu, lakini ni sumu ya figo. Wapigie hospitali sasa hivi, uwaambie ni dawa gani. Maji ya humu asiyaguse mtu."

Madaktari wakauokoa uhai wa Aili. Figo hazikupona. Tangu hapo Aili husafishwa damu kwa mashine hospitalini.

Darlene alizima boila, akalisubiri lipoe, akaukata mpira. Mabomba yote ya nyumba yakaoshwa. Kisha akaunga upya huku akimwonyesha Toivo.

"Hii ni vali ya kuzuia maji yasirudi. Hii inapunguza nguvu ya maji yanayoingia. Na hii ya usalama hutoa maji boila likizidiwa. Bomba lake lishuke hadi karibu na sakafu, wala usilizibe kamwe. Dawa ya gari isiingie humu tena."

"Ningekuita mapema, jirani..."

Darlene aliendelea kukaza nati.

Baadaye Toivo alipita nyumba za jirani, akiomba kuona maboila yao. Nyumba mbili zilikuwa na mpira kama wake. Alisimama pale mpaka wenyewe wakampigia Darlene simu.

Jioni moja alimrudisha mama yake kutoka kusafishwa damu hospitali, amechoka, mkono umefungwa bendeji. Nyumba ilikuwa na joto, maji ni safi.

"Mama, nilikwambia unywe."

Aili akamshika mkono. "Ulitaka tu nipate joto, mwanangu."

Toivo akainamisha kichwa. Laiti angemgombeza, ingekuwa nafuu.