Waziri wa Mambo ya Nyumbani

Waziri alikuwa ameshakoroga uji, na mdogo wake alikuwa bado analia kwamba hataki kuamka. Jina halisi la Waziri lilitumika shuleni tu. Nyumbani baba yake alikuwa amempachika cheo, Waziri wa Mambo ya Nyumbani, tangu mama yake alipoanza mwaka wa kwanza chuo kikuu. Umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili, na wizara yake ilikuwa na jiko, ndoo za maji na mtoto wa chekechea asiyetaka kuvaa soksi. Uji wake aliunywa amesimama.

Mama alikuwa mezani, kitabu mkono huu, kitana mkono ule, nywele zimechanwa upande mmoja. Alikuwa amewashonea watu nguo kwa miaka mingi kabla ya kupata nafasi ya kusomea ualimu. Siku ya kwanza alipoingia ukumbini, vijana wote walinyamaza wakidhani ndiye mhadhiri. Kisa hicho alikisimulia nyumbani, watu wakacheka mpaka machozi. Tangu hapo hakusimulia kingine.

"Shule inakwendaje, Waziri?" aliuliza bila kuinua macho.

"Shwari, mama. Na chuo?"

"Shwari tu, mwanangu."

Wote wawili walikuwa wanadanganya.

Mama alipokubaliwa chuoni alikuwa amesita sana, na Waziri ndiye aliyemsukuma. "Nenda, mama. Nyumba niachie mimi." Mama alikubali kwa sharti moja. "Lakini siku kazi zikikuelemea, niambie. Siku hiyohiyo naacha chuo."

Basi Waziri akafunga mdomo wake. Alichoka akifagia, alichoka akiosha vyombo, alichoka hata akiwa amekaa. Darasani kalamu ilimponyoka, na mwalimu wa hesabu akamuuliza kama usiku huwa analinda benki. Wenzake waliangua kicheko. Waziri naye alicheka, maana kulia mbele za watu ni kazi nyingine, na kazi alikuwa nazo za kutosha.

Siku moja alirudi kutoka shuleni, akaloweka nguo, kisha akaketi kitandani abadilishe viatu kabla ya kwenda kumchukua mdogo wake chekechea. Akavua kimoja.

Alipofumbua macho, giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, na mdogo wake Waziri ameishika sketi ya mama.

"Nimekaa na mlinzi mpaka mama alipopita," mtoto alisema. "Wenzangu wote wamechukuliwa. Mimi nimesahauliwa kama mwavuli."

Waziri aliinuka akaketi. "Samahani, mama. Mimi... nilidhani leo baba ndiye..." Akaishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa na kiatu kimoja.

Mama hakugomba. Aliketi kando yake, mkoba ukiwa bado begani.

"Basi, nimeelewa," mama alisema. "Kesho siendi chuo. Nitarudi kwenye cherehani yangu."

"Hapana, mama!" Machozi yalimtoka Waziri. "Nimechoka, ni kweli. Nimechoka sana! Lakini sikukwambia kwa sababu ulisema utaacha. Tafadhali usiache!"

Baba aliyakuta maneno hayo mlangoni. Alikuwa ametoka gereji, mikono yake imejaa grisi hadi viwikoni.

"Kumbe! Kila nikiuliza naambiwa shwari," alisema. "Nami nikaona nyumba inajiendesha."

"Hata ndoo za nguo hukuziona?" mama aliuliza.

Baba alijikuna kichwa. "Nimeziona. Nilikuwa naziruka." Kisha akachuchumaa mbele yao. "Lakini mke wangu, ukiacha chuo leo, huyu mtoto amejifunza nini? Kwamba siku aliyosema ukweli ndiyo siku aliyoadhibiwa. Hatausema tena."

Mama akaushusha mkoba.

"Kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga mdomo," alisema. "Na mimi pia si shwari. Somo la takwimu silielewi hata chembe. Vijana wanasoma pamoja jioni, mimi nakimbilia basi. Naona aibu kuwauliza, na umri wangu huu. Juzi nililia chooni."

"Cha chuo au chetu?" aliuliza mdogo wake Waziri.

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, lakini walicheka wote.

Jioni ileile kazi ziligawanywa upya. Baba atamchukua mtoto chekechea, maana gereji haikuwa mbali, na nguo atafua yeye. Mama atabaki chuoni jioni mbili kwa wiki, asome na vijana. Jioni ya kwanza aliwaendea kwa aibu, lakini vijana walimsogezea kiti, na mmoja akanong'ona kwamba naye takwimu zilikuwa zimempiga chenga tangu mwanzo, ila aliogopa kusema.

Uchovu haukuisha. Siku za jaribio mama bado alilala juu ya kitabu, na uji wa baba ulikuwa na madonge ya kutosha kujengea ukuta. Lakini kalamu ya Waziri haikuanguka tena darasani.

Asubuhi moja mama alimtazama. Safari hii aliinua macho.

"Umeamkaje, Waziri?"

Neno shwari lilimfika Waziri kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. "Nimechoka kidogo, mama."

"Mimi pia." Mama aliweka kitana chini. "Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa, na kusema umechoka si kushindwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiuficha mzigo wako, nani atakutua?"

Kisha akainama, akamvisha mtoto soksi yeye mwenyewe. Waziri akavuta kiti, akanywa uji wake akiwa amekaa.