Bati la Shule na Kibuyu cha Veridiana

Naapa kwa mikorosho yote ya Newala, haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi, nipewe debe nikateke maji bondeni.

Enzi za Waingereza, ukungu wa huku ulikuwa mzito. Alfajiri Severina alitundika kibuyu chake juu ya ukungu, akafunga kanga vizuri, akakitungua. Kisha yeye na binti yake Veridiana walishuka mtelemko mrefu kufuata maji, kama watu wanaotembea ndotoni. Waliporudi, kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia zamani.

Siku moja Mwalimu Ethel alipiga hodi.

"Mama Veridiana, binti haji. Nafasi yake itakwenda kwa mwingine."

"Mwalimu, tutakunywa herufi? Mzee Nurdini ana nyumba ya bati, mvua inamjazia mapipa. Binti zake wanasoma. Maji ya paa langu la nyasi ni meusi. Nikitaka debe kwake, nampalilia mikorosho kutwa."

Ethel alijibu:

"Shule ni haki ya kila mtoto. Lakini mlango wazi unamfaa nini aliye bondeni? Hakuna aliyemkataza, ila umaskini umemnyang'anya haki yake." Akageuka kutazama shule. "Bati lile mlichangia nyote. Tukinge maji yake."

Kikao kiliitwa. Mzee Nurdini aling'aka, "Mkipata maji, nani atapalilia kwangu?"

"Sisi sisi, Mzee," alisema Severina. "Ila utatulipa ujira. Kiu yetu siyo jembe lako."

Watu wakacheka, wakachimba tangi kando ya shule. Shimo likajengewa kwa mawe na saruji, likafunikwa. Mianzi iliyopasuliwa ikakinga mvua chini ya bati. Kila nyumba ikapewa zamu, ya bati na ya nyasi, sawasawa.

Kiangazi mapipa ya Nurdini yalikauka. Akaja tangini na debe lake, akakuta foleni.

"Shikamoo, Mzee. Nyuma ya Mama Benedikto, tafadhali," alisema Severina.

"Marahaba," alijibu, akasogea nyuma.

Veridiana akawa anakwenda shule asubuhi ukunguni, kibuyu kitupu kichwani. Jioni alirudi nacho kimejaa, na somo jipya mdomoni.

Sasa ni bibi. Juzi niliposoma haya mbele yake, alinikatiza: "Ya tangi ni kweli. Lakini kibuyu juu ya ukungu? Mama alikitundika kwenye mkorosho!"

Akanisukumia debe. Mtelemko ule, jamani, haujapungua.