Suti ya Mzee Ndaki

Siku ya gulio Katoro, msumari wa kreti la dagaa ulimpasua Otmar suruali, tena mahali pa kukalia. Akakimbilia kibanda cha fundi, mikono nyuma kama mwalimu mkuu.

Dorika, fundi mwenyewe, alivaa jinzi na kilemba cha njano, futi shingoni.

"Vua."

"Dada, hata salamu?"

"Za asubuhi? Haya, vua. Jifunge kitenge hicho."

Kabla mvua hazijakatika wakawa wanapigiana simu, "mpenzi, umekula?", na kati yao maduka matatu tu.

Ndipo Otmar akachukua fomu ya udiwani. Mzee Ndaki, mnunuzi wa dhahabu, akampa gari, spika na suti nyeusi. Mfukoni mwa suti mlikuwa na hotuba: maadili yameporomoka, wanawake wavue suruali, watoke mwaloni wanakoosha mchanga wa dhahabu, warudi jikoni. Mwalo wa kinamama ulipakana na wa Mzee Ndaki. Wakitoka, nani angebaki nao? Maadili nayo yana mipaka ya shamba.

Spika ikapita kibandani. Dorika akapiga simu.

"Otmar, mama yangu anaosha mchanga pale. Arudi jikoni akapike nini?"

"Mpenzi, maneno tu hayo. Nikishinda nitayasahau."

"Na mwenye suti atasahau? Chagua, yeye au mimi."

Akakata. Otmar akapiga wiki nzima, haikupokelewa. Usingizi ukamhama, suti ikambana makwapani.

Mkutano wa mwisho, akapanda jukwaani. Mstari wa mbele kakaa Mama Dorika, kajitanda kanga aliyogawa Mzee Ndaki, kamkazia macho. Otmar akavua koti.

"Mzee, wabeja, asante kwa koti. Linanibana."

"Na suruali ni yangu!" Mzee Ndaki akafoka.

Otmar akaivua nayo, uwanja ukavunjika mbavu. Mama Dorika akamrushia kanga.

Otmar alifika kibandani anahema, kanga kiunoni.

"Umepata udiwani?" Dorika akauliza.

"Nimepata kanga. Nishonee suti."

"Ya kampeni?"

"Ya harusi yetu, ukinikubali."

Dorika akamtazama, akavuta futi. "Nyoosha mikono."

Nje spika ikapita tena. Ile suti nyeusi ilikwisha kumvaa Donatus, mshindani wa Otmar, hotuba ile ile.

"Simama wima, mpenzi," Dorika akasema, sindano mdomoni. "Saa kumi tunatakiwa mwaloni, kinamama wana kikao."