Nani Hakuulizwa?

Gazeti lilikuwa limebaki moja tu kwenye meza ya Ombui, muuza magazeti wa soko la Daraja Mbili, na mikono miwili ikalishika kwa pamoja.

"Dada, mimi ndiye nimeliona kwanza."

"Kuliona si kulinunua, kaka." Bochaberi, mwalimu wa Kiingereza kule Nyanchwa, hakuachilia. Gauni lake la kitenge lilikuwa la rangi ya ndizi mbivu, na macho yalimcheka huyo kijana. "Wanafunzi wangu wananingoja."

"Kwani vitabu vimeisha?"

"Kitabu kinawapa theluji ya Uingereza. Gazeti linawapa chai ya mama zao, kwa Kiingereza hichohicho. Watasoma kipi?"

Kijana huyo, Abner, akacheka mpaka akaachilia. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandikia gazeti hilo habari za Kisii na Nyamira! Kufika Ijumaa Ombui alishatangazia soko zima: mwandishi na mwalimu wanakula samosa sahani moja.

"Mwalimu wangu, umekula?" Abner alimuuliza kwa simu kila adhuhuri.

"Nimekula chaki. Njoo uniokoe, mpenzi."

Sasa, Bochaberi alikuwa na desturi yake. Kabla ya habari kubandikwa ukutani, mwanafunzi wa zamu hukata jina la mwandishi, ili darasa lipime maneno, lisimpime mtu. Kisha huulizana: nani aliulizwa? Nani hakuulizwa?

Jumatatu moja ilibandikwa habari ya kituo cha kununulia chai kilichohamishwa kule Gesima. Wakulima wamefurahi, ilisema. Lavender wa kidato cha pili akasimama.

"Mwalimu, wameulizwa wanaume watatu. Mama yangu ndiye hubeba majani, na sasa anatembea saa mbili. Hakuna aliyemuuliza."

Darasa likaandika barua kwa mhariri, kwa Kiingereza kilichonyooka. Mhariri akaichapisha. Kisha akampa Abner, aliyeiandika habari ile, wiki moja: airekebishe habari hiyo, au atafute kazi nyingine.

"Bocha, umenianika!"

"Sikujua ni yako, Abner! Jina lilikuwa limekatwa..."

"Habari zote hizi gazetini, ukachagua yangu?" Simu ikazimwa.

Siku sita, kimya. Ombui alimwekea mwalimu gazeti bila utani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Usiku wa sita Bochaberi akamwandikia Abner ujumbe: "Kwa barua siombi msamaha. Watoto walisema kweli. Lakini wewe bado nakutaka."

Kesho yake asubuhi Abner akasimama mlangoni pa darasa, suruali imejaa matope ya Gesima hadi magotini, gazeti mkononi. Jina lake alikuwa amelikata mwenyewe.

"Ile ya kwanza niliiandika kwa simu, nimekaa ofisini," akawaambia. "Hii nimeibeba. Lavender, kapu la mama yako ni zito."

Lavender akaisoma yote kwa sauti, akafika kwa jina la mamake, akaliwekea kidole.

"Ameulizwa," akasema.

"Na nani hakuulizwa?" Bochaberi akauliza. Ndivyo kila somo lilivyokwisha.

Abner akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Amebaki mmoja, mwalimu. Bochaberi, nikija kwenu na wazee wangu, mtatufungulia mlango?"

Darasa zima likamjibia kwa Kiingereza, kwa kelele zilizofika mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza mwalimu hakuwa na la kusahihisha.