Swichi ya Marehemu

Kazi ya fundi jioni ile ilikuwa moja tu, tena ndogo ya kuchekesha: kuizima taa. Taa nyekundu, ndogo kama punje ya hindi, ina alama ya kopo la oili, ipo kwenye pikipiki ya shemeji yake. Basi. Taa tu, jamani. Na taa hiyo ilikuwa imemkalisha chini tangu mchana mpaka jasho likamkaukia mgongoni.

Shemeji mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni mwa gereji anapiga miluzi ya wasiwasi. Mkewe, dada yake fundi, tumbo moja ziwa moja, alikuwa zahanati na kichanga chao cha kwanza. Wamesharuhusiwa, wanangoja kufuatwa. Sasa njia ya kule ina mteremko mmoja mkali, kona juu ya kona. Injini ikikaza kwa kukosa oili katikati ya ule mteremko, tairi la nyuma linagoma hapohapo, mnarushwa wote. Mama na kichanga kifuani... Fundi alilijua hilo. Ndiyo maana hakutaka mchezo na ile taa.

Na taa nayo haikutaka mchezo naye. Akachomoa kijiti cha kupimia, oili imejaa. Taa inawaka. Akamwaga oili yote, akatia mpya, akasafisha chujio. Inawaka. Akachomoa waya kwenye swichi ya oili, ile inayokaa ubavuni mwa injini na kuamrisha taa iwake presha ikishuka. Taa ikazima. Akaurudisha waya, hiyo hapo, inamkodolea jicho kama mama mkwe. Kwa hiyo waya mzima. Yamebaki mawili: ama swichi imekufa inasema uongo, ama swichi inasema kweli na presha hamna.

Kujua lipi ni lipi unapima presha. Na kipimo kaazima fundi wa mtaa wa pili, yule wa nakurudishia sasa hivi. Hiyo sasa hivi yake inakwenda mwezi, na simu hapokei. Fundi akaporomosha tusi, mtu ambaye huwa hata kuku hamfukuzi, shemeji akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Sasa si uizibe tu na gundi nisiione?"

"Nianze na mdomo wako."

Kule pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na pikipiki ya marehemu. Watu wote waliiita hivyo. Mwenyewe alifia kwenye mteremko uleule, ndugu zake wakaleta hicho chuma kilichopinda, wakaenda zao moja kwa moja. Betri ilishatolewa zamani. Lakini ilikuwa aina ileile ya shemeji, na swichi ileile.

Sasa mafundi wana desturi yao. Ukitaka kutoa kitu kwenye mashine ambayo mwenyewe kafariki, unagonga tangi kwa spana, unasema kwa sauti: naazima, nitarudisha. Na unarudisha kabla ya giza. Aliyemfundisha fundi kazi hakuwahi kuliruka hilo. Fundi naye alikuwa akigonga siku zote, kwa kicheko cha pembeni, lakini anagonga.

Siku ile hakugonga. Hasira zilimpanda mpaka kwenye nywele. Alilivuta turubai, akaing'oa ile swichi kama anang'oa jino la adui. Akazungushia utepe mweupe kwenye hesi zake, ile mizunguko ya kukazia, maana hiyo ndiyo alama ya kazi yake, akaifunga kwa shemeji, akapiga stata.

Taa ikazima.

Fundi akatua pumzi. Akamwambia shemeji angoje kwanza, yeye fundi aizungushe mwenyewe, pikipiki haitoki pale bila yeye kuijaribu. Anamwambia nani? Shemeji keshafika barabarani, mkono juu.

Akabaki peke yake anafuta mikono. Jua lilikuwa linazama, mabati yanalia yakipoa... tak... tak... Halafu akasikia harufu. Oili iliyoungua. Na hakuna injini iliyokuwa inawaka.

"Fundi."

Mtu alikuwa kasimama ndani, si mlangoni, ndani kabisa. Kofia ngumu kichwani, kioo kimeshushwa. Na pale chini kumemwagwa kokoto, hata paka akipita unamsikia.

"Nimefunga," fundi akasema.

"Taa yangu inawaka."

Sauti ndogo, kavu, kama ya mtu mwenye mchanga mdomoni. Fundi alikuwa kachoshwa na mataa, akamuuliza kwa kununa pikipiki yenyewe iko wapi. Mgeni akanyoosha kidole kwenye turubai.

Fundi akadhani kapata ndugu wa marehemu. Akaanza kujieleza, kwamba swichi ameiazima tu, kesho asubuhi ataifunga mahali pake.

"Hukusema."

Fundi akalitupia jicho tangi ambalo hakuligonga.

"Iko wapi?"

Mdomo ukamponyoka. Akasema kaondoka nayo shemeji yake, kaenda zahanati kumleta dada na mtoto.

"Kwa mteremkoni?"

"Eeh."

"Basi nitamuwahi."

Fundi akapepesa jicho, hayupo. Kokoto hazikulia. Ila chini ya turubai kulikuwa na kitu chekundu.

Akafunua.

Taa ilikuwa inawaka. Ndogo, kama punje ya hindi. Betri hakuna, waya unaning'inia hewani.

Simu ilimponyoka mara mbili kabla hajaipata namba. Shemeji akapokea, anacheka.

"Shem, nimesimama juu ya mteremko. Kuna mtu kaomba lifti, nimempakia. Ananuka oili kuliko wewe."

"Zima injini. Shuka."

"Nini?"

"Shuka, nakwambia..."

Mara, karibu sana na simu, ile sauti ya mchanga.

"Mwambie nimeichukua."

Simu ikakatika.

Fundi alidandia pikipiki ya kwanza iliyokuwa na funguo, hata ya nani hakuangalia. Alimkuta shemeji kakaa kwenye jiwe pale juu. Injini ilikuwa imekaza kabla pikipiki haijaanza kushuka, ikagoma kabisa kuzunguka. Shemeji alipogeuka nyuma, abiria hayupo. Ubavuni mwa injini, mahali pa swichi, palikuwa na tundu tupu linalodondosha oili. Fundi akatafuta kwa taa ya simu mpaka shingo ikamuuma, swichi hakuiona. Dada na mtoto wakarudi kwa teksi, na dada alinuna njia nzima, hata salamu hakuitikia.

Asubuhi fundi akaifungua injini ya shemeji. Pampu ya oili ilikuwa imekatika kati. Kumbe ile taa ilisema kweli tangu mwanzo, mbovu ilikuwa swichi ya marehemu, imekufa haiwashi kitu. Shemeji angeushuka ule mteremko, kisha wangeurudia watatu, kimya kimya, bila taa ya kuwaambia. Aliyeichukua aliwaokoa, au alifuata chake tu? Fundi hakujua. Hata leo ukimuuliza anashika spana, anaanza kufunga nati iliyokwishafungwa.

Maana asubuhi hiyohiyo alifunua turubai. Taa imezima. Swichi ipo mahali pake, imekazwa, utepe mweupe wa mkono wake umechungulia kwenye hesi. Akaigusa. Ya moto, kama imeingia kutoka safari muda huohuo.

Akachukua spana, jua limewaka, watu wanapita na ndoo zao nje. Akagonga tangi taratibu, akasema alichotakiwa kusema jana.

"Nilikuwa naazima."

Tangi likagongwa kutoka ndani.