Mama Yuko Juu ya Mti

Sekela aliishi Tukuyu, kwenye mvua na ukungu. Aliishi na mama yake.

Mama alikuwa fundi wa miti. Alikata matawi makavu. Alitibu miti iliyougua.

Siku moja, Mama alikuja shuleni kwa kina Sekela. Mparachichi wa shule ulikuwa na tawi kavu. Tawi lilining'inia juu ya darasa.

Mama alivaa mabuti. Alijifunga kamba kiunoni. Akapanda, akapanda, akapanda!

Kwaru, kwaru, kwaru! Msumeno ukakata.

Watoto wakatoka nje kutazama. Ambakisye wa darasa la Sekela akacheka. "Tazameni! Mama mzima anapanda mti kama tumbili!"

Watoto wote wakacheka. Ha ha ha!

"Sekela, unamjua yule?" Atupele akauliza.

"Simjui," Sekela akasema.

Msumeno ukanyamaza. Mama akatazama chini.

Uso wa Sekela ukawaka moto. Akatazama viatu vyake.

Kwaru, kwaru, kwaru. Msumeno ukaendelea, polepole.

Saa ya uji ikafika. Uji ulikuwa mtamu, lakini Sekela hakuunywa.

"Unaumwa, Sekela?" Mwalimu Lugano akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

Uso ukawaka moto. Akatazama viatu vyake.

Tawi likakatika. Ka! Mama akalishusha kwa kamba, taratibu, mpaka chini. Pu!

Kisha Mama mwenyewe akashuka. Watoto wakamzunguka.

"Shikamoo! Wewe ni mama wa nani?" Atupele akauliza.

Mama akamwona Sekela, kule nyuma.

"Marahaba. Mimi ni fundi wa miti," akasema.

Hakumtaja Sekela. Akabeba msumeno wake, akaenda zake.

Uso ukawaka moto. Machozi ya Sekela yakadondokea viatu vyake. Do, do, do.

Mama akafika getini.

"Mama!" Sekela akaita. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"MAMA!"

Watoto wote wakageuka. Sekela akakimbia mbele yao wote.

"Yule ni mama yangu!" akasema. "Mama yangu mimi!"

Mama akachuchumaa.

"Mama, ulinisikia kule juu?"

"Nilikusikia, mwanangu."

"Iliuma?"

"Iliuma."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Njoo hapa."

Mama alinuka majani na jasho. Sekela akamkumbatia kwa nguvu.

Jioni, Sekela alimtoa Mama vumbi la mti kwenye nywele. Puu! Akapuliza. Puu! Akapuliza tena.

Mama alichoka sana. Akasinzia kwanza.

Sekela akamfunika blanketi mpaka shingoni. Kisha akajipenyeza pembeni yake, akalala.